Majumba ya 1971: uraia haukuwa kigezo

Wengi huuliza kama wenye majumba yaliyotwaliwa na serikali ya Tanzania mwaka 1971 walinyang'anywa kwa sababu ya ugeni. Hapana. Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya 1971 iliangalia thamani na matumizi: jengo la zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe halikalii lote. Pasipoti haikuingia humo. Walioumia wengi walikuwa Waasia kwa vile maghorofa ya kupangisha mijini yalikuwa yao, na wapo miongoni mwao waliokuwa raia halali wa Tanzania. Uraia haukuwasaidia kitu.

Balaa lilikuwa kwenye fidia. Jengo lililopitisha miaka 10 halikulipwa hata senti, na lile jipya fidia yake ilipungua kadiri ya umri. Sasa piga picha mzee aliyejenga miaka ya 50, duka chini, familia juu, wapangaji vyumba vya nyuma: anaamka mpangaji wa Msajili wa Majumba (ofisi ya serikali iliyosimamia majengo yaliyotwaliwa), analipa kodi ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Majengo hayo ndiyo mengi ya yale yaliyoangukia Shirika la Nyumba la Taifa 1990.

Kwa anayetaka kununua leo mambo ni tofauti kidogo. Ibara ya 24 ya Katiba inadai fidia inayostahili, ila mgeni asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa (Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20). Wageni wanaoandikisha kiwanja kwa jina la shemeji aliye raia wajiogope wenyewe kabla ya kuiogopa serikali.