Figo moja, majina mawili

Buruburu, Nairobi

Mwanangu Mwende,

Salamu sana. Huku sote wazima. Ujumbe wako niliusoma ndani ya matatu. Unauliza mbona wodi ya figo imeandikwa "renal" ilhali daktari wake anaitwa "nephrologist", na kama ni lazima ukariri ile orodha ndefu ya mizizi ya Kigiriki na Kilatini mliyopewa chuoni.

Orodha iweke kando kwanza. Wagiriki figo waliiita nephros, Warumi wakaiita ren, na Kiingereza kikabeba yote mawili. Waganga wa kale waliandika Kigiriki. Hata Galen, aliyewatibu watawala wa Roma, aliandika Kigiriki. Karne nyingi baadaye wapasuaji wa Ulaya wakaandika Kilatini, akiwemo Vesalius, aliyechapisha kitabu chake cha anatomia mwaka 1543. Ndiyo sababu mara nyingi sehemu ya mwili hutajwa kwa Kilatini, maradhi na upasuaji kwa Kigiriki: "renal artery" ni mshipa wa damu uingiao figoni, lakini figo ikivimba ni "nephritis", na ikitolewa ni "nephrectomy".

Anza na unayoyajua. "Tonsillitis" uliugua ukiwa mdogo, "arthritis" unaisikia kwa nyanya yako kila msimu wa baridi, "hepatitis" umechanjwa. Mkia ni uleule, "-itis", uvimbe. Kilichobaki mbele ni kiungo chenyewe: arthr ni maungio, hepat ni ini, gastr ni tumbo. Ukikutana na "gastritis" hutahitaji kamusi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza wodini, faili kwa faili, na sijawahi kumwona mtu aliyeyashika kwa kukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Jihadhari na yanayofanana. "Paediatric" imetoka kwa neno la Kigiriki la mtoto. "Pedal" ya baiskeli imetoka kwa mguu wa Kilatini. Wamarekani wameitupa ile "a", sisi bado tunayo, nawe usiiache.

Hatari zaidi ni "hyper" na "hypo", juu na chini. "Hyperglycaemia" sukari imepanda, "hypoglycaemia" imeshuka, na mwenye sukari iliyoshuka ukimdunga insulini unaweza kumuua. Mwandiko wa daktari ukikutatiza hapo, usikisie. Mpime mgonjwa tena, kisha mpigie daktari simu, hata kama ni saa tisa za usiku na anajulikana kwa ukali.

Mama yako