Kwa wawakilishi wapya wa usalama, kabla ya Aprili 28, Siku ya Usalama na Afya Kazini Duniani

Vijana wangu, kila mwaka msimu huu nawaona mkihangaikia mabango na fulana huku jukwaa wanalosimama mafundi juu kazini halina hata ubao wa pembeni wa kuzuia mguu au kifaa kuteleza chini. Nawapenda, ila mnanichosha. Shikeni haya.

1. Shirika la Kazi Duniani lilianza kuiadhimisha siku hii 2003. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa tayari vinaitumia tarehe hiyohiyo kuwakumbuka waliofia kazini. Wakumbukeni kwanza, mgeni rasmi afuate.

2. Someni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003 ya Tanzania, kabla mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, hajafika getini.

3. Acheni kuzawadia kikosi "kisicho na ajali". Hili linaniuma. Kwenye saiti moja ya ghorofa, bango la getini lilihesabu siku bila ajali, na mafundi waliahidiwa mchele na mafuta ya kula siku ya maadhimisho. Fundi mmoja akakata nondo kwa grenda bila miwani, chembe ya chuma ikamwingia jichoni. Wenzake wakamsihi: "Kaka, usituharibie." Wakamwosha kwa maji ya dumu, akapiga kazi hadi jioni. Foromani alipouliza, akaambiwa ni macho mekundu tu, yanaambukiza, wasimkaribie. Anafika hospitali siku kadhaa baadaye, chembe imeshashika kutu na kidonda kimeoza. Mpaka leo jicho lile linaona ukungu. Daftari la ajali lilikuwa jeupe, kwa hiyo hata madai ya fidia yakaanza kwa kuulizwa aliumia wapi na nani alishuhudia. Mwakilishi wa usalama pale alikuwa kijana mwema kabisa, alitaka watu wahamasike, na bango lake likawafunza kuficha. Mchele mpeni anayekuja kusema "mkuu, ile waya imechubuka". Tena mpeni mbele za watu, na waya ibadilishwe siku hiyohiyo, maana akiikuta vilevile kesho hatakuja tena.

4. Kikao cha asubuhi kiwe kifupi, na aongee fundi.

5. Vibarua waliookotwa getini asubuhi hiyo hawamo kwenye orodha ya fulana wala ya mafunzo. Anzeni na hao: waonyesheni swichi ya kuzimia mashine, sanduku la huduma ya kwanza lilipo, na mtu wa kumwambia wakiumia.