Viota viwili jirani, mwoga na jasiri: je, ni tabia ya ndege?

SWALI: Mimi ni nahodha wa boti ya wageni upande wa Kiunga, pwani ya Lamu. Kila kusi membe huja kutaga kwenye visiwa vyetu vya mawe. Mwaka jana nilifuatilia viota viwili vilivyoachana hatua tatu. Mwenye kimoja hakunyanyuka nilipopita, na kinda wake akakua. Wa pili aliruka kila mara, na yai likaharibika. Je, ndege mwoga hawezi kulea?

JIBU: Anaweza, nahodha, na pengine vizuri kuliko jasiri. Tabia ya ndege mmoja mmoja ina uzito mkubwa katika uzazi wake, ila haifanyi kazi peke yake.

Jambo hili limechunguzwa sana kusini kabisa mwa Bahari hii yetu ya Hindi, visiwa vya Kerguelen vya Ufaransa. Watafiti waliwawekea albatrosi wa nyusi nyeusi, ndege wakubwa wa baharini, kitu kigeni karibu na kiota, wakaangalia nani anashtuka na nani anatulia, kisha wakawafunga vifaa vya GPS vya kuonyesha wanakokwenda. Waliotulia walivua karibu na eneo la viota, kwenye maji mafupi. Waoga walikwenda mbali, kwenye kina. Katika uzazi, madume waoga na majike jasiri ndio waliofanya vizuri, lakini nguvu ya tofauti hiyo ilitegemea mwaka wenyewe ulikuwa mzuri au mbaya. Kwa hiyo hakuna tabia moja inayoshinda misimu yote, na nadhani ndiyo sababu waoga na jasiri wote bado wapo.

Halafu kuna mwenzi, na hapa ndipo mimi ningetazama kwanza. Ndege wa baharini hulea kwa zamu: mmoja anaatamia, mwingine yuko baharini. Kwa albatrosi mkubwa mzururaji, anayetaga yai moja tu, zamu moja huchukua siku nyingi, na mwenzi akichelewa mno, aliyebaki huondoka kwa njaa na yai likafa. Mtafiti wa ndege John Coulson, aliyeanza kufuatilia shakwe wa aina ya kitiweki mwaka 1954 kwenye kingo za madirisha ya ghala moja huko North Shields, Uingereza, aligundua kwamba jike aliyebaki na dume wa mwaka uliopita alitaga mapema zaidi na kukuza makinda wengi kuliko aliyebadilisha. Wanaozoeana hupokezana vizuri. Na tabia inaingia hata humo: kwa albatrosi wazururaji wa visiwa vya Crozet, navyo vya Ufaransa kusini mwa Bahari ya Hindi, madume waoga ndio walioachwa zaidi, yaelekea kwa kuwa hawapambani na dume mwingine anapokuja.

Coulson aliona pia kwamba waliopata viota katikati ya kundi walifanikiwa kuliko wa pembeni, na madume wa katikati walikuwa wazito zaidi. Ndege bora hupata mahali bora, kwa hiyo kutenganisha sifa ya ndege na sifa ya kiota ni kazi ngumu hata ndege wakiwa na pete miguuni. Wako hawana pete, hivyo msimu ujao huwezi kujua kama aliyeketi pale ni yuleyule.

Sasa yai lako lililoharibika. Saa sita mchana, juu ya jiwe lile, membe haatamii ili kulipa yai joto, bali hulikinga na jua. Akiruka, yai linaungua, au kaa na shakwe wanalifikia. Bila boti kupita, huenda mwoga yule angelea kama jirani yake.

Kusi hii pita mbali zaidi, taratibu, usishushe wageni, na tumia darubini. Andika tarehe, saa, na umbali ambao ndege wa kwanza aliruka. Ukipata umbali ambao hata mwoga kuliko wote habanduki kiotani, hapo ndipo pa kupitisha boti.