Kabla hujaenda kuwahesabu chipmanki

Ukichukuliwa kwenye mradi wa wanyama wadogo mashariki ya Marekani au Quebec, huenda utaanzishwa na chipmanki, ndugu wa kindi mwenye mistari mgongoni na uzito wa gramu 100 hivi. Utaambiwa ni mnyama rahisi. Kumkamata, ndiyo. Kumwelewa ni kazi nyingine.

Tanguliza masikio. Mlio mwembamba, mkali, unaorudiwarudiwa mara nyingi humhusu adui wa ardhini, kama mbweha au paka. Mlio mzito wa chini, "chok, chok", mara nyingi ni wa mwewe, kwa hiyo tazama juu kwanza, daftari baadaye. Na ule unaomtoka mara moja huku majani yakichakarika ni wa anayekimbilia shimoni. Pengine anakukimbia wewe.

Ukitafuta shimo, usitafute kifusi. Mlango wake una upana wa sentimita 5 hivi na ni safi, kwani udongo alishautolea tundu jingine, kisha akaliziba. Anaishi peke yake, na jirani akikaribia mlango hutimuliwa.

Humo ndani kuna ghala, na kwangu mimi ghala ndiyo habari yenyewe. Chipmanki wa mashariki hategemei mafuta ya mwili kuvuka majira ya baridi. Hulala mwili ukiwa umepoa, huamka baada ya siku kadhaa, hula akiba, hulala tena. Ndiyo maana wingi wake hufuata mialoni, miti ambayo mbegu zake huzijaza ghalani: ikizaa sana vuli hii, mwaka unaofuata utawakuta wengi, isipozaa, utalinda mitego mitupu. Watafiti wa misitu ya Millbrook, New York, wameufuatilia uhusiano huo kwa miaka mingi.

Katikati ya kiangazi msitu unaweza kunyamaza hivi hivi. Usiandike kwamba wametoweka. Wengi wako chini, hawatoki sana. Takwimu za Julai peke yake siziamini.

Ukimtoa mtegoni, usimshike mkia kamwe: ngozi yake huvuka ikabaki mkononi mwako. Mitego iwekwe kivulini na ikaguliwe mara kwa mara.

Halafu kuna kupe. Chipmanki ni miongoni mwa wanyama wanaohifadhi bakteria wa ugonjwa wa Lyme, na kupe wachanga wanaoueneza ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Chomekea suruali ndani ya soksi, wakucheke wakitaka, na kila jioni jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele.