Ufa Husomwa Kabla ya Kuzibwa

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, dosari ndogo ishughulikiwe papo hapo, au mtu asubiri kwanza aone inakoelekea? Na ni ushauri wa nani unaostahili kusikilizwa?" Bila shaka mtapokea majibu mengi kuhusu ndoa, madeni na malezi. Jibu hili linabaki ukutani, kwenye ufa wenyewe, kwa sababu huko ndiko methali ilikochukua mfano wake, na waashi wana neno la kuiongezea: ufa ukizibwa kabla haujasomwa, ukuta utajengwa vilevile, tena baada ya pesa za rangi kupotea.

Kuziba ni hatua ya mwisho. Inatanguliwa na kupima, kufuatilia na kutafuta chanzo, na kazi hizo huanza siku ileile ufa unapoonekana. Kwa hiyo, anza leo, lakini usianze na mwiko.

Kupima hakuhitaji vifaa vya ajabu. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1. Kadi ya benki ina milimita 0.76. Karatasi isipoingia, huo ni ufa wa unywele. Kadi ikiingia kwa ukingo wake, umekaribia milimita 1. Mgawanyo unaotumiwa sana ni ule wa BRE, taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza: hadi milimita 1, matengenezo ya kawaida ya rangi yanatosha, hadi 5, ufa huzibwa na huenda milango imeanza kukwama kidogo, kati ya 5 na 15, sehemu ya matofali hufumuliwa na kujengwa upya, kati ya 15 na 25, vipande vya ukuta hubomolewa, zaidi ya 25, jengo lenyewe liko hatarini. Ila namba hizo ni za kuta. Nguzo na bimu (mihimili ya mlalo) za zege hazina msamaha huo, na nitazirudia hapo chini.

Upana ni nusu ya habari, nusu ya pili ni umbo. Nyufa ndogondogo zilizotapakaa juu ya lipu kama utando wa buibui ni habari ya lipu tu: saruji ilizidi kwenye mchanganyiko, au ukuta mkavu ulinyonya maji yote, au jua lilikausha kazi ambayo haikumwagiliwa. Gonga kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kopo tupu, lipu imeachana na ukuta na inapaswa kubanduliwa. Ikilia kwa uzito, paka rangi ulale.

Ufa ulionyooka wima pale tofali linapokutana na nguzo ya zege hutokana na vitu viwili vinavyotanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti. Ukiuziba tu, utarudi. Bandua lipu ukanda wa sentimita 15 kila upande wa ufa, pigilia wavu wa waya uvuke kiungo hicho, ndipo urudishe lipu. Ufa unaochomoza kwenye ncha za linta, mhimili ulio juu ya mlango au dirisha, mara nyingi husema linta iliegemea padogo. Inatakiwa ikalie ukuta angalau milimita 150 kila upande.

Wenye maneno mengi zaidi ni ufa wa mshazari, ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali. Huo ushuku msingi. Kisha tazama umepanuka wapi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kwa kawaida ncha ya jengo inazama na kujitenga na sehemu nyingine. Ukiwa mpana chini, yaelekea katikati ya ukuta ndipo panaposhuka. Vipimo hivyo viwili, milimita za juu na milimita za chini, humfaa mhandisi kuliko picha kumi za simu. Pitisha pia kidole juu ya ufa: kama upande mmoja umetokeza kuliko mwingine, ukuta haujafunguka tu, umesogea. Na kwenye ukuta unaozuia udongo, ufa wa mlalo pamoja na tumbo kutokeza nje maana yake ni kwamba udongo na maji vinausukuma. Huo asiuguse mtu kabla mhandisi hajauona.

Sasa suala la kusubiri, ambalo ndilo kiini cha swali lenu. Kusubiri kwa macho matupu ni kujidanganya, maana jicho huzoea. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe pembeni. Kaza skrubu mbili ndogo, moja kila upande wa ufa, zikiachana kama sentimita 10, kisha pima umbali kati ya vichwa vyake kwa kalipa, kifaa cha kupima milimita na sehemu zake, na uandike kwenye daftari. Mafundi wa zamani walibandika kipande chembamba cha kioo kikivuka ufa. Kikipasuka, ukuta umecheza. Mbinu hiyo bado inafaa, ila kioo husema "ndiyo" bila kusema "kiasi gani", na gundi mbaya hukifanya kiachie bila kupasuka. Skrubu ni bora.

Pima kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Ufa unaoongezeka wazi katika wiki hizo nne hausubiriwi tena, mwite mhandisi. Ule usiojisogeza, endelea kuupima mara moja kwa mwezi hadi mwaka mzima upite, mvua zake na ukame wake. Mwaka huo una sababu. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na jengo lililo juu yake hupumua nao. Ukiuziba ufa kwa saruji ngumu wakati wa ukame umefunguka, mvua zikija ukuta hukosa pa kurudi, na ufa mwingine huzaliwa jirani. Mwenye nyumba hulaumu fundi, fundi hulaumu saruji, na udongo unaendelea na kazi yake.

Mwaka wa kupima si mwaka wa kukaa. Ndio wakati wa kuwinda chanzo, na kwa sehemu kubwa chanzo ni maji. Bomba la paa linalomwaga miguuni pa ukuta hulainisha udongo wa msingi kila mvua inaponyesha. Lirefushwe limwage angalau mita 1.5 hadi 2 kutoka ukutani. Ardhi iteremke kutoka kwenye jengo: sentimita 15 katika mita 3 za kwanza ni mteremko wa kutosha. Kwa bomba lililofukiwa, funga koki zote, soma mita, subiri saa mbili bila mtu kutumia maji, kisha soma tena. Namba ikisogea, maji yanavujia mahali. Mabomba ya maji machafu hayapiti kwenye mita, kwa hiyo fungua mashimo ya ukaguzi, mimina ndoo ya maji ya rangi upande wa juu na uone kama yote yanatokea chini.

Mti mkubwa karibu na msingi kwenye udongo wa mfinyanzi hunyonya maji na kuufanya udongo usinyae. Jirani atakwambia ukate leo. Usiharakishe! Udongo uliokuwa umekaushwa na mti hurudi kujaa maji taratibu na unaweza kuinua msingi, nawe utahama kwenye tatizo la kuzama uingie kwenye la kuinuliwa. Kupunguza matawi kwa awamu, kwa maelekezo ya mtu anayejua, mara nyingi ni salama zaidi.

Chanzo kimetibiwa, skrubu hazijasogea, sasa ziba. Kwa ufa ulio kwenye lipu, chimba kwa tindo hadi mfereji wa upana wa milimita 10 hivi, ufike kina cha lipu, na ndani uwe mpana kidogo kuliko mdomoni ili kiraka kijishike chenyewe. Ondoa vumbi lote kwa brashi, kisha lowesha kingo ziwe na unyevu bila maji kutuama. Vumbi na ukavu ndivyo vinavyong'oa viraka vingi. Changanya saruji 1, chokaa 1 na mchanga laini uliochekechwa 6. Ukikosa chokaa, saruji 1 kwa mchanga 5. Wengi huchanganya saruji 1 kwa mchanga 2 wakidhani nguvu ndiyo dawa, lakini mchanganyiko mkali husinyaa zaidi ukikauka na hujitenga na kingo. Kiraka kinatakiwa kilingane na ukuta au kiwe dhaifu kidogo. Shindilia kwa tabaka zisizozidi milimita 10, ya kwanza ishike ndipo ya pili ije, na funika kwa gunia bichi kwa siku tatu. Mchanganyiko ulioanza kuganda usiongezwe maji, tupa. Rangi isubiri hadi kiraka kikauke kabisa, la sivyo itabanduka kwa malengelenge.

Kupaka saruji kwa kidole juu ya ufa bila kuufungua si kuziba. Ni kuuficha, na anayefuata atakosa cha kusoma.

Ufa uliopita kwenye matofali yenyewe hushonwa. Viungo vya mlalo huchimbwa, huingizwa vyuma visivyoshika kutu vilivyosokotwa, vya milimita 6, kila kimoja kikipita milimita 500 pande zote mbili za ufa, kwa kila milimita 450 za kimo, vikifungwa kwa mota (mchanganyiko wa kuunganishia) maalumu. Ni kazi ya fundi aliyewahi kuifanya, na sharti jengo liwe limetulia. Ukuta unaoendelea kuzama ukishonwa, ufa huhamia pembeni mwa mshono.

Nilisema nitarudi kwenye zege. Ufa unaofuata nondo kwenye nguzo, bimu au sakafu ya juu, wenye doa la kahawia, ni kutu. Kutu huchukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Ukiziba kwa nje, unafungia ugonjwa. Zege bovu huchongwa hadi nyuma ya nondo kama milimita 20, nondo husuguliwa hadi ing'ae, hupakwa kinga ya kutu, ndipo mota ya kukarabatia hurudishwa. Nguzo haichongwi kabla mzigo wake haujaegemezwa, na uamuzi huo ni wa mhandisi peke yake.

Hapa ndipo nusu ya pili ya swali lenu inapoingia. Maafa makubwa ya majengo mara nyingi hayakukosa mtu wa kuonya. Duka la Sampoong mjini Seoul, Korea Kusini, lilionyesha nyufa kwenye ghorofa ya juu. Asubuhi ya tarehe 29 Juni 1995 zikapanuka, uongozi ukafunga ghorofa hiyo na kuacha wateja wakiendelea kununua chini. Jioni liliporomoka na watu 502 wakafa. Kwenye Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo nje ya Dhaka, Bangladesh, nyufa zilionekana tarehe 23 Aprili 2013, mhandisi akasema jengo si salama, benki iliyokuwa humo ikafunga. Kesho yake washonaji waliamriwa kurudi kwenye cherehani, na zaidi ya 1,100 walikufa. Huko Surfside, Marekani, ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 kuhusu jengo la ghorofa za makazi ilieleza kuwa maji hayatiririki kwenye sakafu ya eneo la bwawa na zege la chini yake linaharibika. Makadirio ya ukarabati yalikuwa dola milioni 9 hivi. Kufikia 2021 wenye nyumba walikuwa wakitakiwa kuchanga milioni 15, na kazi kubwa ya zege ilikuwa haijaanza jengo lilipoanguka tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98.

Katika visa hivyo vitatu aliyeshinda kwenye mabishano ni mwenye hasara ya kuogopa, na aliyepima akashindwa. Kwa hiyo, ushauri upimwe kwa jinsi unavyotolewa. Mtu anayetaja bei kabla hajauliza ufa una umri gani, mpana wapi, na maji ya paa yanaenda wapi, anauza saruji. Mwenye busara huomba daftari lako la vipimo, hutazama upande wa pili wa ukuta, hupima wima wa ukuta kwa timazi, na haoni haya kusema "tusubiri miezi mitatu tuone." Mafundi wawili wakitofautiana, mfuate anayeweza kueleza kwa nini. Maoni ya mhandisi yaombe kwa maandishi yenye tarehe, kwa sababu maneno ya mdomo hupungua uzito kila yanaporudiwa.

Lipo jambo moja lisilo na daftari wala mwaka wa kusubiri. Milango kadhaa ikigoma ghafla siku moja, vioo vikipasuka vyenyewe, ukisikia milio ya kukatika ukutani au kwenye dari, au ufa wa nguzo ukionekana kukua kati ya asubuhi na mchana, toa watu wote nje na wasimame mbali kuliko kimo cha jengo. Zima gesi na umeme kama swichi ziko njiani mwako. Usirudi kuchukua kitu chochote, na simu kwa mhandisi ipigwe ukiwa nje.