Skuli kununua chakula cha wakulima wa hapa

Waalaykumu salaam dada yangu. Umeuliza kama serikali inaweza kweli kuchangia skuli zinunue muhogo na viazi vya wakulima wa hapa Pemba badala ya mchele wa meli. Inaweza. Brazil wana sheria tangu 2009: katika fedha za chakula cha skuli zinazotoka serikali kuu, angalau asilimia 30 (tangu 2026 ni 45) zinunue mazao ya wakulima wadogo, tena bila ya kulazimisha zabuni. Hapo ndipo penye siri, maana mwenye ekari moja zabuni haiwezi.

Ila fedha zifike kwa wakati. Kikundi chetu huku Micheweni tulipeleka viazi lishe skuli moja (siitaji jina), malipo tukayangoja weee, mwisho wenzetu wakarudi kwa wachuuzi. Sikuwalaumu.

Jengine msimu. Muhogo unasubiri ardhini, viazi havisubiri, fukusi wanaingia. Menyu ifuate shamba: kunde na mbaazi zikikauka zinawekeka, mchicha upikwe siku uliochumwa. Anzeni na kamati ya skuli na bwana shamba, muandike nani ana nini, mwezi gani.