Jibu: Browning BAR ya 9.3x62, nichukue?

Mkuu, umeuliza kama hiyo BAR, bunduki ya kuwindia inayojijaza yenyewe, ya risasi ya 9.3x62 (upana wa risasi milimita 9.3, urefu wa ganda milimita 62) aliyokuonyesha shemeji yako Ujerumani inastahili bei yake, na kama utaweza kuwinda nayo ukirudi Mwanza.

Bunduki yenyewe ni nzuri, sikatai. Niliwahi kuipiga nikiwa masomoni huko. Gesi inasukuma pistoni chini ya mtutu, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia, na bega halipati teke kama la bunduki ya bolti, ile unayoikoki kwa mkono kila risasi. Wenzetu wanaipendea nguruwe pori wanaofukuzwa na mbwa, maana risasi ya pili inatakiwa kabla hujapepesa macho. Shughuli ni masizi. Nilipomaliza kuifungua na kuisafisha, vidole vyangu vilikuwa vyeusi kama vya fundi jenereta wa Kirumba. Hapo bado hujaweka unyevu wa ziwa.

Risasi yake ina undugu na sisi: Otto Bock wa Berlin aliibuni 1905 kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa wakiwinda Afrika. Kichwa chake cha kawaida ni kizito, gramu 18.5 hivi; hata pofu, yule mnyama mkubwa jamii ya swala, akipigwa nacho haendi mbali.

Ila kwa swali lako la pili, hapana. Huku Tanzania bunduki inayojijaza yenyewe hairuhusiwi kuwindia, hata iwe na kitako cha mti gani. Kama roho imependa 9.3x62, tafuta ya bolti, tena uhakikishe kwanza duka la kununulia risasi. Na kama unaota nyati, anzia risasi ya .375, ambayo ni nene kidogo kuliko hiyo.